Bond si bail, na kuachiwa si kushinda kesi

Kila mwanasiasa anapokamatwa Kampala, maneno mawili ya Kiingereza huanza kuruka kutoka redio moja hadi nyingine: "bond" na "bail". Kituo hiki kinasema fulani amepewa bond, kile kinasema amepata bail, na kwenye kundi la WhatsApp la madereva kuna mtu atamaliza habari yote kwa Kiswahili cha maneno mawili: kapata dhamana. Msikilizaji wa kawaida anaridhika na kuendelea na chai yake. Ndugu wa mtu aliye ndani hawezi kuridhika hivyo. Anataka kujua aende kituo cha polisi au mahakamani, abebe pesa au asibebe, na kama jamaa yake ameshamaliza kesi au ndiyo kwanza inaanza.

Sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda tuna ugumu wetu wa ziada. Kwenye kaunta ya polisi Kiswahili ni cha kila siku. Askari wengi wamekizoea tangu mafunzoni, na mtu aliyekamatwa Malaba, Arua au Kasese mara nyingi huhojiwa kwa Kiswahili. Akifika mahakamani, mambo yanageuka. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi, lakini mahakama inaendeshwa na kuandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu anakamatwa kwa lugha moja na kushtakiwa kwa nyingine, na katikati ya safari hiyo maneno mawili yenye maana mbili yanabebwa na neno letu moja, dhamana. Hapo ndipo watu wanapopotea, na wengine wanapoteza pesa.

Tuanze na watu kabla ya karatasi. Aliyekamatwa na polisi kwa kushukiwa ni "suspect", yaani mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka mbele ya hakimu anakuwa "accused", mshtakiwa. Mahakama ikimtia hatiani ndipo anaitwa "convict". Magazeti na redio huyachanganya haya matatu ovyo, na ni kosa linaloumiza, kwa sababu kifungu cha 28 cha Katiba kinasema mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike kwamba anayo, au akiri mwenyewe. Hapa Kiswahili chetu kimejitosheleza vizuri: tunalo neno mahabusu kwa anayesubiri kesi akiwa ndani, na mfungwa kwa anayetumikia kifungo. Gereza la Luzira lina wote wawili. Kumwita mahabusu mfungwa ni kumhukumu kabla ya hakimu.

Kwenye kaunta ya polisi

Katika kesi za jinai hapa Uganda, mtu akisema "bond" kwa kawaida anamaanisha karatasi ya polisi. Umekamatwa, uchunguzi haujaiva, na polisi hawaoni haja ya kukulaza seli. Wanaweza kukuachia kwa sharti kwamba utarudi kituoni siku na saa iliyoandikwa. Unatia saini, wadhamini wako wanatia saini, unakwenda nyumbani. Hujafika mbele ya hakimu, na mara nyingi hata hujashtakiwa. Ukirudi siku hiyo unaweza kuambiwa uchunguzi unaendelea, bond ikasogezwa mbele wiki mbili, na ukarudi tena.

Jambo kubwa kuliko yote kuhusu bond ya polisi ni kwamba haina bei. Polisi wenyewe wamelisema hili hadharani mara nyingi, na kwenye vituo kadhaa limeandikwa ukutani. Hata hivyo tazama inavyokuwa. Mama anafika kituoni saa mbili usiku. Mwanawe kakamatwa kwenye stage ya bodaboda kwa ugomvi wa abiria. Mkononi ana leso iliyofungwa fundo, na ndani ya fundo kuna noti alizokusanya kwa majirani. Anasimama kaunta na kuuliza, "Afande, dhamana ni pesa ngapi?" Swali lenyewe limeshapotea njia. Limemwambia aliye upande wa pili wa kaunta kwamba mama huyu anaamini kuna bei, na kwamba ameibeba. Kama aliye pale si mwadilifu, bei itapatikana mara moja.

Swali linalomfaa ni jingine: "Afande, mwanangu anaweza kupewa bond? Mnahitaji wadhamini wangapi, na barua ya nani?" Hapo anazungumza habari ya watu na karatasi, vitu ambavyo kweli vinatakiwa. Kwa desturi mdhamini huombwa kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa anakoishi. Ikitajwa pesa baada ya hapo, ni rushwa, hata ikiitwa mafuta ya gari au kitu kidogo cha karatasi.

Kuna saa inayokwenda nyuma ya haya yote. Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka aliyekamatwa, kama hajaachiwa kabla, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 48. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipokamatwa, wala si tangu jina lilipoandikwa kitabuni. Kifungu hicho hakikutenga Jumamosi wala Jumapili. Wengi wanaamini kwamba ukikamatwa Ijumaa jioni, siku za mapumziko hazihesabiwi. Katiba haisemi hivyo. Mahakama ikiwa imefungwa na saa zinakatika, hapo bond ndiyo inapata kazi yake, kwa sababu ndiyo njia iliyo halali ya kumtoa mtu seli kabla ya muda kuvunjwa.

Mbele ya hakimu

Siku mshtakiwa anasimama kizimbani na kusomewa mashtaka, uwezo wa polisi kumwachia unakwisha. Tangu hapo mwenye kauli ni mahakama, na ruhusa inayotolewa na mahakama ndiyo "bail". Asipoipata anakwenda rumande, yaani gerezani kama mahabusu. Kwa hiyo ukisikia jirani amenyimwa bail, usiende kumtafuta kituo cha polisi, hayupo. Ukisikia amepewa bond, usihangaike kutafuta wakili wa kwenda naye mahakamani kesho yake, maana huenda kesi haijafika huko kabisa.

Maneno yenyewe yana asili inayosaidia kukumbuka. "Bond" kwa Kiingereza ni kifungo, kile kinachofunga: mtu anajifunga kwa ahadi. Ndiyo maana neno hilohilo linatumika Benki Kuu ya Uganda ikitangaza hati fungani. Serikali inajifunga kukulipa. "Bail" ilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, kwenye neno la kukabidhi. Mahakama inamtoa mtu mikononi mwa gereza na kumkabidhi kwa wadhamini wake. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini hakimu huwaangalia wadhamini kwa makini kuliko anavyomwangalia mshtakiwa, akiuliza wanaishi wapi, wanafanya kazi gani, wana undugu gani naye. Anataka kujua anamkabidhi nani.

Kutokana na asili hiyo utaelewa pia kitu kinachowachanganya hata waliokwisha kujua tofauti ya kwanza. Neno bond lipo mahakamani vilevile. Hakimu akitoa bail anaweza kusema kila mdhamini anafungwa kwa bond ya shilingi milioni 10, kisha akaongeza maneno mawili ya Kiingereza, "not cash". Nje ya mahakama kilio kinaanza: milioni 10 mara wadhamini watatu, tutaitoa wapi? Hakuna wa kuitoa. "Not cash" maana yake si taslimu. Hiyo ni ahadi iliyoandikwa kwamba mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kuamriwa na mahakama kulipa kiasi hicho. Mshtakiwa akihudhuria mpaka mwisho, mdhamini hatoi hata shilingi. Kwa hiyo bond ni ahadi, iwe imetiwa saini polisi au mahakamani. Bail ni ule uamuzi wa mahakama wa kumruhusu mtu aende.

Hakimu akisema "cash", hapo pesa inatakiwa kweli. Inalipwa kwa utaratibu wa mahakama na kupewa risiti ya serikali, haipitii mkononi mwa karani kwenye korido. Risiti hiyo itunzwe kama hati ya shamba, kwa sababu pesa hiyo inarudi. Kesi ikiisha na mshtakiwa hakuvunja masharti, aliyelipa anaomba arudishiwe, hata kama mshtakiwa ametiwa hatiani. Ni wengi mno wasiojua hili. Wanaiona bail kama faini, wanalipa, wanamshukuru Mungu, na risiti inapotelea kwenye mfuko wa suruali.

Huo uzushi wa kwamba bail ni faini una madhara mabaya kuliko pesa kupotea. Faini ni adhabu. Inakuja baada ya mtu kupatikana na hatia, na ukiilipa, imekwenda. Bail inakuja kabla. Mtu anayeamini kwamba amelipa na yamekwisha hataona sababu ya kurudi mahakamani tarehe aliyopewa. Anakwenda zake Juba na lori. Huku nyuma hakimu anatoa hati ya kumkamata, wadhamini wake wanaitwa kujieleza, na kesi ndogo ya kugombana inamgeuza kuwa mtoro. Nimesikia wazee wakiapa hawatamdhamini mtu tena maishani kwa sababu ya jambo kama hilo, na siwalaumu.

Mwaka 2021 Rais Museveni alipinga hadharani watuhumiwa wa mauaji na makosa mengine makubwa kupewa bail. Mjadala ulikuwa mkali, na katika kusambaa kwake kwa lugha zetu uligeuka kuwa habari kwamba bail imefutwa. Haikufutwa. Katiba haikuguswa, na mwaka 2022 mahakama zilitolewa mwongozo mpya wa namna ya kushughulikia maombi hayo.

Hata hivyo na upande wa pili una kosa lake. Watu husema bail ni haki ya kila mtu. Kifungu cha 23 kinasema mshtakiwa ana haki ya kuomba bail. Mahakama inaweza kuikubali kwa masharti inayoyaona yanafaa, na inaweza kuikataa. Kuomba ni haki, kupata ni uamuzi. Kwa makosa mazito kama mauaji, uhaini na ubakaji, ombi linapelekwa Mahakama Kuu, na huko sheria imetaja hali za pekee zinazoweza kutazamwa: ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na daktari wa gereza, umri mdogo au uzee, au Mkurugenzi wa Mashtaka kuandika kwamba hana pingamizi.

Kuna mahali pamoja tu ambapo bail inakuwa ya lazima, nako kunategemea siku. Kama kosa linaweza kusikilizwa na Mahakama Kuu na pia na mahakama za chini, na mtu amekaa rumande siku 60 kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama inapaswa kumwachia kwa masharti inayoyaona yanafaa. Kama ni kosa la Mahakama Kuu peke yake, siku ni 180 kabla ya kesi kupelekwa huko. Kabla ya marekebisho ya 2005 zilikuwa 120 na 360.

Hapo utaona neno moja kwenye karatasi ya mashtaka lina uzito gani. Sisi tunasema wizi, tumemaliza. Kiingereza cha Kanuni ya Adhabu kinapanga ngazi. "Theft" ni kuchukua mali ya mtu. "Robbery" ni kuiba ukitumia nguvu au kutishia nguvu. Likitanguliwa na "aggravated", maana yake palikuwa na silaha ya kuua iliyotumika au kutishiwa kutumika, au mtu alikufa au kuumizwa vibaya. Na tangu marekebisho ya 2007, hata bunduki ya bandia inahesabiwa kuwa silaha. Kosa hilo la "aggravated robbery" linaweza kuleta hukumu ya kifo, na ni la Mahakama Kuu peke yake. Vijana wawili wamenyang'anya simu mbili kwenye barabara moja. Mmoja alichomoa tu mfukoni akakimbia, mwingine alionyesha kisu. Kwa Kiswahili cha mtaani wote wameiba simu. Mahakamani mmoja anahesabu siku 60, mwingine 180. Kwa hiyo mkalimani akikuambia tu "umeshtakiwa kwa wizi", mwombe akusomee jina lote la kosa, neno kwa neno.

Siku hizo 180 zina mtego wake wa lugha. Kitendo cha kuipeleka kesi Mahakama Kuu kinaitwa "committal", na wakili atasema mshtakiwa ni "committed". Kiingereza cha shuleni kinatufundisha kwamba "commit" ni kutenda kosa. Ndugu wakisikia hivyo hufikiri jamaa yao amekiri, au amepatikana na hatia. Hakuna kilichokiriwa. Faili limehama tu kutoka mahakama ya chini kwenda ya juu. Lakini kuhama huko kuna athari: kukitokea kabla ya siku 180, ile bail ya lazima haipo tena, na kesi inaweza kusubiri nafasi yake Mahakama Kuu kwa muda mrefu mshtakiwa akiwa bado ndani. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mpangilio huu, na halijadiliwi hata nusu ya tunavyojadili bail za wanasiasa.

Namna za kutoka

Siku mtu anatoka, mtaa mzima husema ameachiwa. Kuachiwa kwenyewe kuna sura nyingi.

"Acquittal" ni kushinda. Mahakama imeona ushahidi hautoshi kumtia hatiani, imemwondolea shtaka. Katiba inakataza ashtakiwe tena kwa kosa hilohilo, isipokuwa mahakama ya juu iamuru hivyo kwenye rufaa au mapitio. "Discharge" ni kitu kingine. Mwendesha mashtaka akiondoa kesi katika mahakama ya hakimu kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa, lakini hakuna kinachozuia kesi hiyo kurudishwa. Fikiria mechi uwanja wa Namboole iliyovunjika dakika ya 30 kwa mvua: wachezaji wamekwenda nyumbani, mashabiki wamekwenda nyumbani, ila hakuna aliyeshinda na inaweza kupangwa tena. Acquittal ni filimbi ya mwisho. Cha ajabu ni kwamba kesi ikiondolewa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, sheria inamhesabu ameshinda. Siku ya kuondolewa ndiyo inayoamua neno.

Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana uwezo wa kusimamisha kesi wakati wowote kabla ya hukumu; mawakili hulitumia neno la Kilatini, "nolle prosequi". Ukilisikia, uliza palepale: hii ni acquittal au discharge? Nimeona watu wakichinja mbuzi kwa discharge, na polisi wakarudi mwezi uliofuata.

Kisha kuna misamaha miwili. "Pardon" hutolewa na Rais chini ya kifungu cha 121, akishauriwa na kamati maalumu, na kwa kawaida anayepewa ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa. "Amnesty" hutoka kwenye sheria, na inafunika kundi. Sheria ya Amnesty ya mwaka 2000 iliwalenga walioshika silaha dhidi ya serikali tangu Januari 26, 1986, wakiacha uasi. Maelfu waliipata. Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa kundi la waasi la LRA, aliiomba akanyimwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu kabisa ("Supreme Court") ikaamua kwamba anaweza kushtakiwa, na mwaka 2024 alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40. Waliosikia redioni kwamba "alinyimwa msamaha" walidhani Rais amekataa kumsamehe mfungwa. Wakati ananyimwa amnesty hiyo hakuwa mfungwa wa hukumu yoyote.

Sidai kila mtu ajifunze Kiingereza cha mahakama. Katiba yenyewe haidai hivyo. Kifungu cha 23 kinamtaka anayekukamata akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, pamoja na haki yako ya kuwa na wakili unayemchagua. Kifungu cha 28 kinasema uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, na kama huelewi lugha ya mahakama upewe mkalimani bila malipo. Inatosha kusimama kizimbani na kusema, "Mheshimiwa, naomba nitafsiriwe kwa Kiswahili," kabla hujajibu swali la kama unakubali shtaka au unakataa. Wengi huona haya, wakajibu "yes" kwa kitu wasichokielewa, na jibu hilo likaandikwa.

Kwa walio nje, shika karatasi uliyopewa na utazame juu kabisa imetoka wapi. Ikiwa na jina la kituo cha polisi, ni bond, na tarehe iliyoandikwa ni ya kurudi kituoni. Ikiwa na jina la mahakama na namba ya kesi, ni bail, na tarehe ni ya kusimama mbele ya hakimu. Mdhamini naye aiandike tarehe hiyo kwake, kwa sababu mshtakiwa asipotokea, mahakama itamwita yeye.